Brighton Haikuwa Mbali, Ilikuwa Ghali

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 1844, treni moja iliondoka stesheni ya London Bridge ikivutwa na injini nne, nyuma yake mabehewa 45. Ilipofika New Cross ikaongezewa mabehewa sita na injini ya tano. Croydon nako watu walikuwa wamejaa, yakafungwa mabehewa mengine sita na injini ya sita. Treni ya mabehewa 57 ikashika njia ya kusini kwenda Brighton, mji wa pwani ulioko kilomita 80 hivi kutoka London. Safari nzima ilichukua kama saa nne na nusu.

Saa nne na nusu. Miaka kumi kabla ya hapo, Februari 1834, gari la farasi lililoitwa Criterion lilikimbia kati ya miji hiyo miwili kwa saa tatu na dakika 40, likiwa limebeba hotuba ya Mfalme William IV. Treni za haraka kwenye reli ileile zilikuwa tayari zinafika kwa takriban saa mbili. Kwa hiyo abiria wa Pasaka walisafiri kwa mwendo ambao farasi wazuri, waliobadilishwa kila kituo, wangewashinda. Anayeamini kwamba reli ilibadilisha dunia kwa sababu ya kasi yake ana kazi ya kutueleza siku hiyo. Mimi naiona kuwa siku kubwa zaidi katika historia ya reli ya Brighton, kubwa kuliko ile ya ufunguzi wenyewe, na kasi haikuhusika hata kidogo.

Tuanze na mji. Wengi wanaosimulia habari za Brighton husema reli ndiyo iliyoutoa gizani. Takwimu za sensa zinakataa. Mwaka 1801 Brighton ilikuwa na watu 7,339. Mwaka 1821 walikuwa 24,429, na mwaka 1831 walifika 40,634. Hapo hapakuwa na reli hata hatua moja katika mkoa wote wa Sussex. Mji uliongeza watu zaidi ya 16,000 ndani ya miaka kumi kwa nguvu ya kwato, magurudumu ya mbao na barabara zilizotunzwa vizuri.

Kilichoanzisha yote hayo kilikuwa kijiji cha wavuvi na daktari mmoja. Mwaka 1750 Richard Russell, tabibu wa mji jirani wa Lewes, alichapisha andiko la Kilatini kuhusu matumizi ya maji ya bahari katika kutibu maradhi ya matezi. Aliwaagiza wagonjwa wake waoge maji hayo na wayanywe pia. Matajiri wa London waliokuwa wamezoea chemchemi za maji ya madini za bara wakageukia baharini. Walisukumwa majini ndani ya vibanda vya mbao vyenye magurudumu vilivyovutwa na farasi, wakachovywa na wanawake wenye mikono ya kazi, na aliyesifika zaidi kati ya wanawake hao ni Martha Gunn. Mwaka 1783 akaja Mwana wa Mfalme, ambaye baadaye alikuwa George IV, akaupenda mji kwa sababu ambazo si zote za kitabibu. Kati ya 1815 na 1822 msanifu John Nash alimgeuzia nyumba yake kuwa kasri lenye kuba na minara ya mtindo wa Kihindi, lile la Royal Pavilion ambalo hadi leo linamshangaza mgeni anayetokea upande wa stesheni.

Mahali alipo mfalme wapo na wanaotaka kuonwa na mfalme. Kufikia miaka ya 1820 barabara ya Brighton ilikuwa mojawapo ya njia zenye magari mengi ya farasi kuliko zote Uingereza. William Cobbett, mwandishi mwenye ulimi mkali, aliwalalamikia madalali wa hisa waliokuwa wakiziweka familia zao Brighton huku wao wakienda na kurudi London kwa magari hayo kufanya biashara zao. Yaani hata ile tabia tunayodhani ililetwa na treni, ya mtu kulala pwani na kufanya kazi mji mkuu, ilikuwako kabla ya moshi wa kwanza. Ila ilikuwa ya madalali. Gari la farasi lilichukua watu wachache ndani na wengine juu ya paa, na wa ndani alilipa karibu maradufu ya wa juu. Wa juu naye hakuwa maskini. Alikuwa tu mtu asiyeogopa mvua.

Basi reli ilipokuja ilikuja kuwagombea watu hawa, na ugomvi wenyewe ulianza Bungeni. Katikati ya miaka ya 1830 makampuni kadhaa yalishindania haki ya kujenga njia ya Brighton. Mhandisi Robert Stephenson alitetea njia ya kuzunguka upande wa magharibi, kupitia bonde la mto Adur, ambako milima ni ya upole. Sir John Rennie alitaka njia iliyonyooka ikatize katikati ya vilima vya chokaa. Mawakili walipata riziki nono sana. Mwishowe serikali ilimteua mhandisi wa jeshi, Kapteni Robert Alderson, aamue, naye akaichagua njia iliyonyooka. Sheria ilipitishwa Julai 1837, wiki chache baada ya Victoria kukalia kiti cha enzi.

Kunyoosha njia kuna gharama. Mhandisi John Urpeth Rastrick alikataa reli yake ipande kwa zaidi ya futi moja katika kila futi 264, maana injini za wakati ule hazikuwa na pumzi ya vilima. Vilima navyo havikutaka kuinama, kwa hiyo vikatobolewa. Handaki la Merstham lina urefu wa yadi 1,831, la Balcombe yadi 1,141, na la Clayton, refu kuliko yote, yadi 2,259, ambazo ni zaidi ya kilomita mbili. Penye bonde la mto Ouse likajengwa daraja la matao 37, lenye kimo cha futi 96, likala matofali yapatayo milioni 11. Nguzo zake zimetobolewa katikati, na anayesimama chini yake leo huona matundu yamepangana moja nyuma ya jingine hadi ng'ambo. Katika kilele cha ujenzi kulikuwa na vibarua zaidi ya 6,000 na farasi zaidi ya 900. Inapendeza kukumbuka kwamba reli iliyokuja kuwafuta kazi farasi ilijengwa kwa migongo yao.

Kuna jambo moja kuhusu mahandaki haya linalonivutia kuliko hesabu zote za matofali. Wakurugenzi walijua kwamba abiria wao waheshimiwa waliogopa giza. Mbele ya Bunge na kwenye magazeti watu walikuwa wamedai kwamba anayepita handakini atakosa hewa, atashikwa na mshtuko, au atapata mafua yasiyopona. Basi kuta za ndani zikapakwa chokaa nyeupe na zikawekewa taa za gesi. Baada ya siku chache za moshi wa injini chokaa ile ilikuwa imekwisha kubadilika rangi, lakini mtu ameshauziwa tikiti. Kampuni iliyo tayari kuupaka rangi mlima kwa ndani ili kumtuliza mteja inatuambia ilimfikiria mteja wa aina gani.

Njia ilifunguliwa kwa vipande. Kutoka 12 Julai 1841 treni zilifika Haywards Heath tu, na abiria akamalizia safari kwa gari la farasi. Tarehe 21 Septemba 1841 njia yote ikawa wazi. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 2 Oktoba, treni iliacha reli karibu na Haywards Heath na watu wanne wakafa. Safari ziliendelea. Magari ya farasi, ambayo yalikuwa fahari ya barabara ile, yakatoweka kwa muda mfupi mno, pamoja na madereva, wahudumu wa mazizi na wenye nyumba za wageni za njiani. Kizazi kilichofuata kiliyarudisha kama mchezo wa matajiri: Julai 1888 James Selby aliendesha gari la farasi kutoka London hadi Brighton na kurudi kwa saa saba na dakika 50, kwa ajili ya dau. Kitu kikiisha kuwa na faida ndipo hupata mashabiki.

(Kwa wanaopenda mambo ya saa: kila mji wa Uingereza wakati huo ulifuata jua lake, na reli za magharibi zilisumbuka kwa sababu Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi. Reli ya Brighton iliponea. Miji hiyo miwili imelala karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo tofauti yao ni sekunde tu.)

Sasa nauli. Shilingi ya Kiingereza ya enzi hizo ilikuwa peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Daraja la kwanza kutoka London hadi Brighton lilizidi shilingi 10 kwa kwenda tu. Kibarua wa shambani kusini mwa Uingereza alikuwa akipata kama shilingi 10 kwa wiki nzima, akilisha mke na watoto. Kwake yeye reli mpya haikuileta bahari karibu hata kwa hatua moja. Moshi aliuona, filimbi aliisikia, na pengine mikono yake ndiyo iliyochimba handaki, lakini Brighton ilibaki palepale ilipokuwa.

Wanaoandika historia ya usafiri wana mazoea ya kutuchorea ramani zinazosinyaa: mwaka huu mji fulani ulikuwa mwendo wa saa sita, mwaka ule saa mbili. Ramani hizo ni za kweli kwa mwenye tikiti. Ramani ya asiyekuwa nayo ingechorwa kwa siku za mshahara, na katika hiyo Brighton ya mwaka 1842 ilikuwa mbali na London kuliko Brighton ya mwaka 1800, ambayo kijana mwenye miguu mizuri angeweza kuifikia kwa siku mbili bila kumlipa mtu.

Kwa makampuni mengi ya reli, abiria wa daraja la tatu alikuwa mzigo unaojipakia wenyewe. Aliwekwa kwenye behewa lisilo na paa, pembeni mbao fupi, akasafirishwa kwa treni za usiku wa manane au za alfajiri, mara nyingi zikiwa zimefungwa pamoja na mabehewa ya bidhaa. Mkesha wa Krismasi ya 1841, huko Sonning kwenye reli ya magharibi ya Great Western, treni ya namna hiyo ilivamia udongo ulioporomoka usiku. Abiria, wengi wao mafundi mawe wakirejea makwao, walirushwa nje kama walivyokuwa wamekaa. Wanane walikufa papo hapo, na idadi ikafika tisa. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba kukosa paa na kuta ni suala la starehe.

Kutokana na hayo na mengine, mwaka 1844 William Gladstone, waziri aliyekuwa akisimamia Bodi ya Biashara, alipitisha sheria ya reli. Kila kampuni ililazimika kuendesha angalau treni moja kwa siku, kila upande, yenye viti na paa, isimame kila stesheni, iende kwa wastani usiopungua maili 12 kwa saa, na nauli isizidi peni moja kwa maili. Kama chambo, kampuni ilisamehewa kodi kwa abiria wa nauli hiyo. Sheria hii husifiwa sana, na inastahili. Lakini tupige hesabu. London hadi Brighton ni maili 50 na kidogo. Peni moja kwa maili inatoa shilingi nne na ushee. Kwenda na kurudi, shilingi nane na ushee. Yule kibarua wetu wa shilingi 10 bado atabaki nyumbani. Fundi wa London aliyepata maradufu au zaidi angeweza kwenda, lakini angekwenda peke yake, na angejieleza akirudi. Sheria ilimpa maskini haki ya kusafiri akiwa na dharura: msiba, kutafuta kazi, kuhama. Haikumpa bahari.

Bahari ililetwa na mtu aliyekuwa amefukuzwa kazi. Rowland Hill anajulikana kwa stempu. Yeye ndiye aliyeishawishi Uingereza kwamba barua itumwe popote nchini kwa peni moja, mfumo ulioanza 10 Januari 1840. Hoja yake ilikuwa rahisi na ya kuudhi: gharama ya kubeba barua moja zaidi kwenye gari ambalo tayari linakwenda ni ndogo kiasi cha kutohesabika, na kinachowazuia watu kuandika ni bei. Punguza bei, idadi itafidia. Katika mwaka wa kwanza barua ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mapato ya posta, hata hivyo, yalianguka, na yalichukua miaka mingi kurudi yalipokuwa. Mwaka 1842 serikali mpya ikamwondoa Hazina. Mwaka 1843, katikati ya mivutano mikali ya wakurugenzi, akaingia kwenye bodi ya reli ya London na Brighton, akawa mwenyekiti wake.

Alichofanya pale ni kuipeleka hoja ya barua kwenye watu. Mwenye daladala yeyote anaijua bila kusoma uchumi: gari likishawashwa, kiti kitupu ni hasara, na abiria wa nauli ya chini ni bora kuliko hewa. Hill alianzisha treni za haraka kwa wenye haraka na fedha, na mwaka 1844 akaanzisha treni za matembezi za nauli ya chini kwa siku ambazo watu hawakuwa kazini. Matembezi ya treni hakuyabuni yeye. Thomas Cook alikuwa amewapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja Julai 1841, kwenye mkutano wa kupinga pombe. Lakini Cook aliwapeleka watu kwenye hotuba. Treni ya Pasaka ya Hill iliwapeleka ufukweni, na haikuwadai wasikilize lolote.

Ndiyo maana mabehewa yalifika 57. Na ndiyo maana saa nne na nusu hazikumkera mtu. Aliyepanda London Bridge asubuhi ile hakuwa analinganisha mwendo wake na ule wa Criterion. Alikuwa analinganisha na maisha yake yote hadi siku hiyo, ambayo hayakuwa na bahari ndani yake.

Walipofika waliteremka mahali pa juu, maana stesheni ilijengwa kilimani. Njia pana ya kuteremka moja kwa moja kuelekea ufukweni, Queen's Road, ilifunguliwa mwaka 1845, na ukiitazama utaona haina kazi nyingine ila kumwaga watu baharini. Mji ulikuwa umeelewa. Sensa nayo inaonyesha: kati ya 1831 na 1841, huku wawekezaji wakisubiri reli, Brighton iliongezeka watu 6,000 tu, kutoka 40,634 hadi 46,661. Miaka kumi baadaye walikuwa 65,569. Reli yenyewe ikawa mwajiri mkubwa, na tangu 1852 karakana ya Brighton ilikuwa ikiunda injini zake. Watoto wa waliokuwa wakihudumia farasi wakawa wanachoma vyuma.

Je, matajiri walikimbia? Hadithi inayopendwa ni kwamba Malkia Victoria aliuhama mji kwa sababu treni zilileta makundi. Ni kweli alitembelea kasri mara ya mwisho mwaka 1845, mwaka uleule aliponunua nyumba ya Osborne kwenye kisiwa cha Wight, na ni kweli alichukizwa na watu waliomzonga mitaani. Lakini kasri la baba yake mkubwa, George IV, lilikuwa katikati ya mji, limezungukwa na nyumba, halina bustani ya kutosha wala mandhari ya bahari, na yeye alikuwa na watoto wadogo. Treni inabebeshwa lawama kuliko inavyostahili. Mwaka 1850 mji ulilinunua kasri hilo kwa pauni 53,000, na umma ukaanza kuingia kwa miguu yake mahali ambapo palijengwa ili umma usiingie.

Kilichotokea kwa matajiri wengine ni cha kuvutia zaidi kuliko kukimbia. Walihama kwenye kalenda. Msimu wa watu wa hadhi Brighton ulisogea taratibu kuelekea vuli na baridi, Oktoba na kuendelea, wakati upepo wa bahari unakata masikio na hakuna mwenye nyumba ya kupanga London anayetaka kuuona. Kiangazi kiliachiwa wa treni za matembezi. Ufukwe ulikuwa mmoja, kokoto zilikuwa zilezile, na matabaka mawili yalitumia mahali pamoja kwa miaka bila kukutana sana. Wanaosema reli ilichanganya matabaka wangeangalia tarehe.

Kwetu sisi hadithi hii ina kivuli chake, na kiko Unguja. Sultani Barghash bin Said alizuru Uingereza mwaka 1875. Mwaka 1879 akajengewa reli nyembamba ya maili saba kutoka kasri lake la Mji Mkongwe hadi Chukwani, alikokuwa na kasri lingine la ufukweni. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Reli ya mji mkuu hadi pwani, ileile, kwa nyumba moja tu. Alipofariki mwaka 1888 ikang'olewa. Teknolojia ilikuwa imefika Zanzibar kamili, na kilichokosekana ni behewa la watu wa kawaida na mtu wa kuwauzia tikiti. Simlaumu Barghash: Brighton nayo, kwa miaka miwili na nusu ya kwanza ya reli yake, haikuwa mbali sana na Chukwani.

Hata hivyo nauli ikishuka kuna mahali inakoangukia. Watu wa London walifanya kazi siku sita. Siku yao ilikuwa Jumapili, na treni za Jumapili zilipingwa vikali na vyama vya kulinda Siku ya Bwana. Hoja zao nyingi zilikuwa za kuchosha, lakini moja ilikuwa na uzito: ili fundi wa London apumzike Brighton, mfanyakazi wa reli hapumziki. Waliojibu hoja hiyo walizungumza juu ya hewa safi na afya ya maskini. Juu ya mfanyakazi wa reli hawakuzungumza sana.

Jumapili ya 25 Agosti 1861, mlinzi wa ishara kwenye mdomo wa kusini wa handaki la Clayton alikuwa katika zamu ya saa 24. Kanuni ilisema 18. Alikubali 24 ili apate siku moja nzima ya mapumziko kwa wiki. Asubuhi hiyo treni tatu ziliondoka Brighton kuelekea London zikifuatana: ya matembezi kutoka Portsmouth, ya matembezi ya Brighton, na ya kawaida. Zilitakiwa ziachane kwa dakika tano. Ziliondoka saa 2 na dakika 28, dakika 31 na dakika 35.

Ya kwanza ilipoingia handakini, ishara iliyopaswa kujirudisha yenyewe kwenye hatari haikurudi. Mlinzi alikimbia nje na bendera nyekundu wakati ya pili imekwisha karibia, asijue kama dereva ameiona. Akauliza kwa telegrafu mwenzake wa upande wa kaskazini kama handaki liko wazi. Mwenzake, aliyeiona treni ya kwanza ikitoka, akajibu liko wazi. Kila mmoja alikuwa anazungumzia treni yake. Mlinzi akaipungia ya tatu bendera nyeupe ipite. Lakini dereva wa pili alikuwa ameiona bendera nyekundu, amesimama gizani, na sasa alikuwa anarudi nyuma taratibu aulize kuna nini. Watu 23 walikufa na 176 waliumia, wengi wao wakiwa katika mabehewa ya nyuma ya treni ya matembezi.

Jopo la uchunguzi wa vifo lilimtaka msaidizi wa mkuu wa stesheni ya Brighton ashitakiwe kwa kuziachia treni karibu karibu. Mahakama ikamwachia huru. Mkaguzi wa serikali alipendekeza mfumo ambao haukuwa mgeni: treni isiingie kipande cha njia mpaka telegrafu ithibitishe kwamba iliyotangulia imetoka. Kampuni ilijibu kwamba inaogopa mfumo huo utawaondolea madereva wajibu wao na kuzidisha ajali badala ya kuzipunguza. Mfumo huo pia ulihitaji walinzi zaidi, vibanda zaidi na nyaya zaidi, na vyote hivyo vingelipwa kutoka kwenye nauli ileile ya chini. Kampuni iliyowahi kupaka handaki chokaa ili abiria wa daraja la kwanza wasiogope giza haikuona sababu ya haraka ya kulifanya giza hilo liwe salama kwa wa matembezi.

Mfumo ule haukuwa lazima kisheria nchini kote mpaka 1889. Juni ya mwaka huo, huko Armagh nchini Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa mafunzo ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima, mabehewa ya nyuma yakakatwa, yakateremka yenyewe, yakagongana na treni iliyokuwa inakuja. Walikufa watu wapatao 80. Walikuwa wanakwenda Warrenpoint, ufukweni.